Barabara Isiyopita Venosa

Lidcombe, Jumapili, 2 Aprili 2017

Mwanangu Olivier hakuzama baharini. Nimeanza na sentensi hii kabla mkono haujachoka, kwa sababu ndiyo niliyoificha miaka kumi, na watu wote ninaokula nao meza moja wanaamini kinyume chake.

Binti yangu Généreuse humwombea kaka yake misa ya marehemu kila Novemba. Mjukuu wangu Ketsia, mtoto wa Olivier, amevaa kitambaa cheusi kwenye kifundo cha mkono tangu alipopata kipaimara. Mwaka 2006, tulipokuwa kambini karibu na Kigoma, habari zilifika kwamba mashua iliyobeba Wakongo imezama ikitoka Libya, na Olivier alikuwamo. Tulikaa matanga bila maiti. Mwaka uliofuata akanipigia simu kutoka Italia, kwenye simu ya muuza sabuni aliyekuwa akipokea simu za nusu ya kambi. Tuliongea kidogo, tukaachana. Sikumwambia mtu. Mke wangu Marie-Jeanne alikuwa ameshafariki, Généreuse alikuwa bado Kampala, na Ketsia alikuwa na miaka kumi. Baada ya hapo tulipanda ndege kuja Sydney, mimi na mtoto, na mwanangu akabaki marehemu.

Miaka mitatu iliyopita Candide, mama mmoja wa Uvira aliyekuwa akiuza samaki wakavu hapa Sydney, mtaa wa Fairfield, aliniambia kwamba mdogo wake anafanya kazi Italia katika mji uitwao Venosa, na huko kuna fundi wa matrekta wa kutoka Bukavu, jina lake Olivier, ambaye baba yake alikuwa mwalimu wa Kilatini. "Anasema hana mtu tena duniani, Papa. Si wako?" Nilimjibu kwamba kina Olivier ni wengi Bukavu. Candide amehamia Perth.

Olivier hajamtafuta mtoto wake hata siku moja. Hilo nalo liandikwe. Mimi ndiye niliyemsuka nywele, vibaya, mpaka Généreuse alipokuja. Mimi ndiye niliyesimama langoni pa shule ya hapa Lidcombe na mwavuli uliovunjika mbavu.

Sasa kwa nini leo. Ketsia ameondoka asubuhi kwenda Roma na baiskeli mbili ndani ya maboksi. Atapita Via Appia, barabara ya kale ya Warumi, kutoka Roma hadi bandari ya Brindisi. Pale barabara inapoishia baharini ataondoa matanga ya baba yake. Mimi, kama mkubwa wa familia, nitasema maneno kwa simu: nitamwita marehemu kwa jina, nitamwambia hatukulilii tena, nenda. Kisha atakata kitambaa. Na Venosa iko juu ya barabara hiyo.

Barabara yenyewe niliifundisha mimi. Kwa miaka thelathini niliichora kwa chaki kwenye ubao wa koleji, Bukavu, bila kutazama kitabu, na sikuwahi kuikanyaga. Mtoto huyu ameijua kabla ya kujua kuogelea. Nilimwambia tutaipita pamoja. Kisha moyo wangu ukaanza kujaa maji, miguu ikavimba, na daktari akasema nisipange mambo ya Krismasi.

Anayekwenda naye ni Lazare wa Quakers Hill, baba yake wa ubatizo, ana miaka sitini na sita na magoti ya kijana. Alikuwa mwanafunzi wangu, wa mwisho darasani katika Kilatini, miaka minne mfululizo. Jana alipokuja kuaga alipiga goti mbele ya kiti changu.

"Mwalimu, unipatie baraka."

"Mchunge mtoto wangu."

"Mtoto wetu," alisema, na kucheka.

Wetu. Nimelala na neno hilo na nimeamka nalo.

Jumatano, 5 Aprili

Sauti ya kwanza kwenye simu. Ketsia, kwa Kiingereza, akipiga kelele kwamba mawe bado yapo, makubwa kama meza, na magurudumu ya Warumi yameacha mifereji ndani yake. Kisha Lazare: "Mwalimu! Niko juu ya mawe yako. Makalio inaniuma juu ya hii kinga, lakini roho iko sawa kabisa."

Kinga ndiyo baiskeli, kwetu. Nimeisikiliza mara nyingi. Mawe yako, anasema. Kama ni yangu, mbona amekaa juu yake yeye?

Ijumaa, 7 Aprili

Kawira huja Jumanne na Ijumaa kuniogesha. Ni Mmeru wa Kenya, ana mikono yenye nguvu na mdomo usiopumzika.

"Mzee, leo umeamka ukiwa umekasirikia nani?"

"Sijakasirika."

"Uso umekunjwa hivyo na hujakasirika? Basi siku ukikasirika nitapiga simu ambulance."

Kuna mtaa Burwood unaoitwa Appian Way, jina lilelile kwa Kiingereza. Nyumba za matofali mekundu zenye varanda za mbao, waridi, na viwanja vya tenisi katikati. Nilimwomba anipeleke. Alinishusha na kigari changu cha kutembelea, nikaanza kusukuma. Nilifika kwenye nyumba ya tatu.

"Sasa hii ndiyo ile barabara ya Roma?" aliuliza. "Na wale wamama wa tenisi, ndio askari?"

Nilicheka mpaka nikakosa pumzi. Nikakaa juu ya kiti cha kigari nikiangalia majani ya njano yakianguka. Huko kwao ni majira ya kuchipua. Wamechukua miguu, wamechukua mtoto, na jua pia wamelichukua.

Jumatatu, 10 Aprili

Mvua. Terracina, wamekula samaki.

Ijumaa Kuu, 14 Aprili

Jana walipita korongo la karibu na Itri, mahali barabara inapopanda mlimani ikiwa na kuta zake za kale. Wanangu wa koleji walikuwa wakikosea sehemu hiyo kila mtihani, na Lazare zaidi ya wote. Ketsia amepeleka picha: Lazare amelala chali juu ya mawe kama mfalme, kofia usoni.

Kisha sauti. Wote wawili wanacheka jambo ambalo silijui. Ketsia anasema, "Koko, acha!" halafu ananigeukia mimi, kwa Kiingereza cha haraka, kwamba Koko ameomba maji kwa padri kwa Kilatini na padri akamletea ngazi.

Koko ni babu, kwa watu wa kwetu waliopitia Kilingala. Mimi ni Babu. Yeye siku zote alikuwa Papa Lazare. Siku tisa za baiskeli na ameshakuwa Koko.

Généreuse alirudi kutoka zamu yake kwenye nyumba ya wazee, bado amevaa sare, akanikuta sijagusa chakula.

"Papa, unafunga Ijumaa Kuu na moyo huo? Mungu hakuombi."

"Kwa nini anamwita Lazare Koko?"

Alinitazama. "Papa. Una wivu?"

"Nauliza tu."

"Una wivu na mtu aliyembeba Ketsia mgongoni hapa sebuleni!" Akacheka, akanipa busu kwenye paji la uso, akaenda kupasha moto supu. Hakujua alivyokuwa karibu. Lazare ninayemwonea wivu ni yule wa mbele tu. Nyuma yake amesimama mwingine, na huyo hana haja ya kuendesha baiskeli ili aitwe jina lolote. Damu inatosha.

Jumapili ya Pasaka, 16 Aprili

Capua. Simu fupi ya video. Ketsia amechomwa na jua. Ana paji la uso la Olivier. Sikuwahi kulikubali mpaka leo, kwenye kioo kidogo cha simu kilichopasuka.

Jumatano, 19 Aprili

Wamefika Benevento. Nilijua siku hii itakuja, na nilijiandaa kama mwanafunzi mwizi.

Pale Benevento, chini ya tao la mfalme Trajani, barabara hugawanyika. Ile ya kale, Appia yenyewe, hushuka kusini-mashariki hadi Venosa, kisha Taranto, kisha Brindisi. Ile ya baadaye, aliyoijenga Trajani, hupanda milima kuelekea Troia, huteremka Canosa, hufuata pwani, na kufika Brindisi vilevile. Njia mbili, bandari moja. Walinipigia wakati tunamaliza chakula cha jioni. Kwao ilikuwa mchana. Ketsia aliweka simu juu ya ukuta ili niwaone wote wawili, na tao jeupe nyuma yao.

"Mwalimu," Lazare alisema, "kesho tunashika Appia ya kweli, ile ya kupita Venosa. Nimeangalia ramani. Kuna mizabibu mpaka macho inachoka."

"Hapana," nilisema.

"Namna gani hapana?"

"Ile ya kale imepotea. Imelimwa. Mtaendesha juu ya barabara za malori siku nzima bila kuona jiwe. Shikeni ya Trajani."

"Lakini ya Trajani inapanda sana, Mwalimu. Mie na haya magoti..."

"Lazare. Nani alifundisha barabara hii?"

Akainamisha kichwa, mzee wa miaka sitini na sita, kama nilipokuwa nikimrudishia karatasi yake yenye wino mwekundu.

Ketsia akasogea karibu na simu. Alisema kwamba chuoni kwao wanasoma kuwa sehemu za Appia ya kale zimechimbuliwa upya, karibu na Mirabella hasa, na kwamba angependa kupita ile ya zamani, maana ndiyo niliyomchorea alipokuwa mdogo. "Babu, ulinichorea Venosa. Uliweka nyota ndogo."

Niliweka nyota kila mji. Lakini ni kweli, niliweka.

"Ukitaka niseme maneno siku ile," nilimwambia, "mtafika kwa njia ninayowaambia. Mkubwa ndiye anayesema njia. Ndiyo desturi."

Hakuna desturi kama hiyo. Généreuse aliinua macho kutoka kwenye sahani. Ketsia hajui desturi zetu isipokuwa kupitia kwangu. Kila nikisema jambo ni la kwetu, yeye huliandika moyoni. Akasema, "Okay, Babu." Akasema kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma.

Baadaye Généreuse aliuliza, "Desturi hiyo ya nani, Papa?"

"Ya babu yangu."

"Sijawahi kuisikia."

"Hujawahi kuuliza."

Nimejiambia sababu zangu zote. Hajamtafuta hata siku moja. Kumpeleka mtoto mlangoni kwa mwanamume asiyemtafuta ni kumpeleka akaumizwe. Ni sababu nzuri, ningeipa alama za juu. Lakini naandika humu ili nisidanganye: niliposema "shikeni ya Trajani" sikuwa nikimfikiria mtoto kuumia. Nilikuwa nikimwona akimkimbilia.

Ijumaa, 21 Aprili

Kawira amenipima miguu. Maji yamepanda hadi magotini. Vidonge viwili zaidi. Hakufanya mzaha hata mmoja, nikajua.

Jumatatu, 24 Aprili

Lazare ameanguka. Jana, milimani kabla ya Troia, mvua ya mawe iliwakuta kwenye mteremko. Gurudumu la mbele liliteleza akatupwa mtaroni. Mfupa wa bega umevunjika. Wako hospitali mjini Foggia.

Ketsia alilia kwenye simu. Généreuse alikuwa akimwuliza maswali ya kinesi, ameshika kichwa, na mimi nilikaa kwenye kiti changu na kwa muda mfupi nilifurahi. Niandike vizuri: nilifurahi. Nilimwona Lazare bila baiskeli, amekaa kwenye kiti kama mimi. Kisha nikakumbuka ni nani aliyempandisha mlima ule.

Jumanne, 25 Aprili

Sikukuu ya mashujaa wa vita hapa. Kutoka dirishani, treni tupu zinapita. Tarumbeta kwenye redio ya jirani.

Jumatano, 26 Aprili

Sauti kutoka kwa Lazare, akiwa kitandani, sauti ya dawa:

"Mwalimu, usihuzunike kwa ajili yangu. Ketsia anajilaumu, nimemwambia hapana, Mwalimu alituchagulia njia ngumu sababu anatuamini tunaiweza. Mie sikuwahi kuweza kitu chako darasani, basi hii angalau nimeweza nusu." Akacheka, akakohoa. "Halafu sikia. Kitanda cha pembeni kuko kijana wa Cameroun anayechuma nyanya. Anasema Venosa kuko fundi wa matrekta, Mukongo wa Bukavu! Karibu kabisa, ni kupanda basi moja tu. Nimemwambia Ketsia, kabla ya kuendelea tupite tumsalimie, labda ana fufu."

Niliiacha simu juu ya blanketi. Mashine ya oksijeni iliendelea na kazi yake. Kawira hakuwapo, Généreuse alikuwa kazini. Nilisikia moyo wangu ukitafuta mahali pa kukaa.

Nilimpigia. Sikumpa hata salamu.

"Msiende."

"Venosa? Ni basi tu, Mwalimu. Kumsalimia mutu wa kwetu."

"Lazare, mtoto amebeba matanga. Huwezi kumpeleka nyumba kwa nyumba kula fufu akiwa na kitambaa mkononi. Tarehe imepangwa, padri wa Brindisi amepewa habari. Maliza kwanza."

Kisha akasema, polepole, "Tangu Benevento hutaki Venosa. Kuko nini Venosa?"

"Hakuna kitu."

"Sawa, Mwalimu," alisema. Lakini sikusikia ule mwinamo wa kichwa.

Kwa hiyo nimetumia kifo cha mtu kumzuia binti yake asikutane naye akiwa hai. Nimesoma sentensi hiyo tena. Ni yangu.

Jumamosi, 29 Aprili

Wameendelea. Lazare kwa basi na mizigo, mkono umefungwa shingoni. Ketsia kwa baiskeli, peke yake, kutoka mji hadi mji. Tunasubiri ujumbe wake kila jioni kama watu wanaosubiri mtoto avuke mto. Généreuse hasemi, ila amevunja vikombe viwili.

Jumanne, 2 Mei

Canosa. Yuko salama.

Baridi imeanza kweli. Kawira aliniweka juani mbele ya nyumba. Alinisimulia habari za baba yake huko Meru, ambaye hajamwona tangu aje Sydney, na ambaye kila Jumapili humwuliza kwenye simu kama bado anaikumbuka ngozi ya mkono wake. "Mzee mzima anauliza hivyo. Namwambia, Baba, si unaona uso wangu hapa kwa video? Anasema uso si kitu, uso hata jirani anao."

"Na akifa kabla hujarudi?"

"Usiniombee mabaya, Mzee." Akanifunika miguu. "Lakini angalau najua aliko."

Ijumaa, 5 Mei

Bari.

Nimejaribu kusema maneno kwa sauti, chumbani, mlango umefungwa. "Olivier, mwana wa Balthazar." Sikufika kwenye la pili.

Jumatatu, 8 Mei

Leo nimeumia kwa jambo dogo, na ni dogo kweli, lakini linaeleza yote.

Ketsia ananijibu kwa Kiingereza siku zote. Tangu alipoanza shule hapa, namwuliza kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza. Nimezoea, nimejifunza kutolia kwa hilo. Leo alinipelekea sauti. Alikuwa amekaa mahali penye upepo, na alianza kwa Kiswahili. Taratibu, neno kwa neno, kama mtu anayevuka kwa kukanyaga mawe.

"Papa Olivier. Mimi ni Ketsia. Mtoto wako. Nimekuja na... na baiskeli. Nimekuwa mkubwa. Sasa hatukulilii tena. Lala vizuri." Halafu: "Babu, nimesema sawa? Nisahihishe, tafadhali. Nataka nimwambie kwa lugha yake."

Kwa ajili yangu, mimi niliyemlea, hakujisumbua. Kwa ajili ya mtu asiyemjua amejifunza kusema. Anamfanyia mazoezi.

Nilimjibu kwamba amesema sawa. Kisha nikamsahihisha jambo moja lisilohitaji kusahihishwa, ili nami niwemo.

Généreuse alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. "Mimi ningesema nini, Papa?" aliuliza. "Wewe mwambie na langu. Mwambie bado nina deni la viatu vyake vya kanisani, nilivyovivaa nikavipasua."

Jumatano, 10 Mei

Sikuweza kuandika. Daktari alikuja. Amezungumza na Généreuse jikoni, na Généreuse amerudi na sura ya kazini.

Ijumaa, 12 Mei

Wamefika Brindisi, wote wawili. Kesho.

Ketsia alinionyesha mahali. Kuna ngazi pana zinazoshuka hadi bandarini, na juu ya ngazi palikuwa na nguzo mbili za kuonyesha kwamba barabara imekwisha. Moja imesimama mpaka leo. Ya pili imebaki kitako tu. Niliwafundisha hilo mamia ya watoto. Nilikuwa nikisema: andikeni, nguzo mbili. Sikuwaambia kamwe kwamba moja haipo, kwa sababu mchoro wangu ubaoni ulipendeza zaidi zikiwa mbili.

Lazare alichukua simu. "Mwalimu, uko tayari?"

"Niko tayari."

"Haya. Mie bado nawaza Venosa," alisema, "lakini wewe ndiye mukubwa."

Jumapili, 14 Mei

Naandika ya jana. Généreuse amenipa kalamu bila kuniangalia.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni hapa, jua linateremka nyuma ya reli. Kwao saa tatu asubuhi. Sebule ilikuwa imepangwa vizuri. Généreuse alikuwa amevaa kitenge cha Marie-Jeanne. Alipika sombe, majani ya muhogo, na samaki, na majirani wawili wa kanisani walikuja. Kawira naye alikuja, siku isiyo yake, amevaa gauni, akakaa karibu na mashine yangu ya oksijeni na kusema kwa sauti ndogo, "Leo niko mgeni, usinitume maji."

Bakuli la maji liliwekwa mbele yangu. Mkubwa huchovya vidole, humwita marehemu mara tatu, husema maneno, hunyunyiza. Simu iliegemezwa kwenye bakuli la matunda. Ndani yake kulikuwa na bahari ya kijivu, ngazi, Lazare na mkono wake shingoni, na Ketsia amevaa nguo nyeupe aliyoibeba kwenye mkoba kutoka Roma bila kuikunja vibaya. Alikuwa na mkasi mdogo. Aliinua mkono wenye kitambaa ili nione.

"Babu," alisema, "twende." Kwa Kiswahili.

Nilichovya vidole.

"Olivier, mwana wa Balthazar," nilisema.

Généreuse na majirani wakaitikia chini kwa chini.

"Olivier, mwana wa Balthazar na Marie-Jeanne."

Ketsia alifumba macho. Lile paji la Olivier. Mkasi ulikuwa umeshashika kitambaa. Nikaona kwamba nikimwita mara ya tatu nitakuwa nimemzika mwanangu kwa mdomo wangu, mbele ya dada yake na binti yake, naye yuko katika mji mmoja wa nchi ileile akifungua injini ya mtu, mikono imejaa grisi, Jumamosi asubuhi. Na nikaona jambo jingine: kwamba hata hilo ningeweza kulifanya. Sauti ilikuwapo. Kilichonizuia ni kwamba mtoto alikuwa akichezesha midomo, anarudia maneno yake kimya, yale ya Kiswahili, ili asikosee. Alikuwa ameyajifunza kwa ajili ya mtu wa kuyasikia.

"Usikate," nilisema.

"Papa?" Généreuse aliinua kichwa.

"Ketsia, usikate. Weka mkasi chini."

Alifungua macho. "Babu, unajisikia vibaya? Auntie, angalia oksijeni."

"Oksijeni iko sawa," Kawira alisema.

"Baba yako hakuzama," nilisema. "Yuko hai. Yuko Venosa."

Kisha Lazare, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ya mtu ambaye si mwanafunzi wa mtu: "Yule fundi."

"Yule fundi."

"Mwalimu. Ulitupandisha mlima ule."

Généreuse alikuwa amesimama. Kitenge cha mama yake kilikuwa kimelowa, bakuli limepinduka. Sikumbuki ni nani aliyelipindua. "Tangu lini?" alisema. "Papa, unajua tangu lini?"

"Tangu kambini. Alinipigia simu."

"Misa kumi," alisema. "Nimemlipia kaka yangu misa kumi na wewe umekaa benchi la mbele." Akaenda jikoni. Nilisikia bomba likifunguliwa na kuachwa limwage.

Ketsia hakulia. Alikaa kwenye ngazi na simu mkononi, uso wake ukajaza kioo chote. Nilitegemea aniulize kwa Kiingereza, lugha yake ya hasira. Akaniuliza kwa Kiswahili, pole pole, ili asikosee.

"Kama yuko hai, kwa nini hakunitafuta?"

Hapo palikuwa na sentensi yangu, tayari. Hajakutafuta hata siku moja. Nimeiandika humu tena na tena. Hata humu, ambamo nilisema sitadanganya, nimejificha nyuma yake. Ingefaa. Ingemrudisha kwangu, ameumia, lakini wangu, na Lazare angemshika bega, na Olivier angebaki mbaya mpaka siku atakayomwona uso kwa uso, nami wakati huo nimeshafukiwa makaburini Rookwood.

Nilivua mrija wa oksijeni puani ili anisikie vizuri.

"Alikutafuta," nilisema. "Alipopiga simu hakuniuliza habari zangu. Aliomba sauti yako. Ulikuwa umeketi miguuni pangu, unakula karanga. Nilimwambia umekufa."